Kipindi cha Saa Moja, Jua Bado Halijachomoza

Mwezi Julai, saa 1:00 kamili asubuhi, Mpanda bado haijaliona jua. Kumekucha, ndiyo. Majogoo wa Makanyagio wamekwishawika, bodaboda za kwanza zinaelekea stendi, na mama ntilie wanachochea moto wa chai. Lakini jua lenyewe litachomoza dakika saba baadaye. Dar es Salaam, saa hiyohiyo, lina karibu nusu saa angani.

Katika vyuo vingi nchini kipindi cha kwanza huanza saa 1:00 au saa 2:00 asubuhi. Kijana wa Katavi anayeingia darasani kwa kuchelewa, macho mekundu, daftari likiwa halina hata mstari mmoja wa kipindi cha jana, huitwa mvivu. Huitwa mzembe, mlalaji, kizazi cha simu. Shutuma hizo zimezoeleka kiasi kwamba wanafunzi wenyewe wamezikubali. Muulize mmoja wao kwa nini anasinzia, atajilaumu kabla hujamaliza swali: hajui kupanga muda, alikesha, hana ratiba.

Lawama hiyo ina ukweli wake. Ila imeruka jambo moja kubwa, nalo ni saa iliyotundikwa ukutani.

Tanzania nzima hutumia saa moja, iliyo mbele ya saa ya Greenwich kwa saa tatu. Saa hiyo imepimwa kwa jua la nyuzi 45 mashariki, na mstari wa nyuzi 45 haugusi ardhi ya Tanzania popote. Unapita mbali baharini, mashariki ya Ngazija, na kuingia Somalia karibu na Mogadishu. Kila nyuzi moja unayosogea magharibi kutoka hapo, jua huchelewa dakika nne. Dar es Salaam, iliyoko kwenye nyuzi 39, jua lake liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 23 hivi. Mpanda iko kwenye nyuzi 31. Jua lake liko nyuma kwa dakika 56. Kwa maneno mengine, jua huwafikia watu wa Mpanda utosini si saa 6:00 mchana bali karibu saa 7:00, na kati yao na Dar es Salaam kuna tofauti ya zaidi ya nusu saa ambayo saa ya ukutani haiioneshi.

Waislamu wa Mpanda wanalijua hili bila kufundishwa jiografia. Ramadhani inapofika, adhana ya Magharibi ya Dar es Salaam hurushwa redioni na watu wa Pwani hufungua kinywa. Aliyefunga Kashaulili hagusi tende. Jua lake bado liko juu ya miti, na atasubiri zaidi ya nusu saa nyingine kabla muadhini wa msikiti wake hajanyanyua sauti. Hakuna anayemwita mvivu wa ibada. Msikiti umekubali kwamba jua la Mpanda lina wakati wake. Ratiba ya vipindi ndiyo haijakubali.

Wanaoishi kando ya Ziwa Tanganyika wana mfano ulio wazi zaidi. Karema, upande wa Katavi, jua la katikati ya Februari huzama kiasi cha saa 1:20 usiku. Ng'ambo ya pili, Kalemie nchini Kongo, jua hilohilo huzama kama saa 12:27 jioni, kwa sababu mashariki ya Kongo hufuata saa ya Afrika ya Kati, sawa na Burundi, Rwanda na Zambia. Anayevuka ziwa kwa boti hurudisha saa yake nyuma kwa saa nzima. Kongo yenyewe ina saa mbili, moja ya Kinshasa na moja ya Lubumbashi, na nchi haijasambaratika kwa sababu hiyo.

Je, dakika hizo zina uzito gani kwa mwili wa binadamu? Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young kwa kueleza jinsi chembe hai zinavyojiendeshea saa ya ndani. Saa hiyo hupanga joto la mwili, njaa, wepesi wa akili na usingizi, na kila siku hurekebishwa na mwanga wa jua. Haisomi saa ya ukutani. Mwaka 2007 mtafiti wa Ujerumani Till Roenneberg na wenzake walionesha hilo kwa uzuri wa ajabu. Ujerumani nzima ina saa moja, vipindi vya televisheni vilevile, shule zinazofunguliwa karibu saa zilezile. Hata hivyo, walipopanga maelfu ya Wajerumani kwa mahali wanapoishi, waliona nyakati zao za kulala na kuamka zikisogea kutoka mashariki kwenda magharibi kwa dakika nne kwa kila nyuzi, sawasawa na mwendo wa jua. Watu walikuwa wamevaa saa ya Berlin mkononi, miili ikifuata jua la kijijini kwao.

Nchini Marekani, mwaka 2019, wachumi Osea Giuntella na Fabrizio Mazzonna walilinganisha watu wanaoishi pande mbili za mpaka wa majira. Wale ambao jua lao huzama saa moja baadaye kwa saa ya ukutani walilala pungufu kwa wastani wa dakika 19 kila usiku. Sababu ni rahisi kuielewa: giza likichelewa, usingizi unachelewa, lakini kengele ya kazini haichelewi.

Ongeza hapo umri. Roenneberg alikwishaonesha mwaka 2004 kwamba saa ya ndani ya mwili huzidi kuchelewa tangu balehe, hufikia kilele karibu na umri wa miaka 20, kisha huanza kurudi nyuma taratibu. Ndiyo maana mzee wa miaka 60 huamka mwenyewe alfajiri na kumshangaa mjukuu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni yuko kwenye kilele hicho hasa. Tunamchukua binadamu katika umri ambao mwili wake huchelewa kulala kuliko wakati wowote wa maisha yake, tunamweka magharibi mwa nchi ambako jua huchelewa kuliko kwingi, kisha tunamtaka awe darasani na kalamu mkononi kabla jua halijachomoza. Ili afike kipindi cha saa 1:00 akiwa ameoga na kunywa chai, inabidi aamke saa 11:30. Kwa jua la Mpanda, hiyo ni sawa na kumwamsha mwenzake wa Dar es Salaam kabla ya saa 11:00 alfajiri.

Upande wa pili wa shilingi ni usiku, na hapa mambo ni mengi.

Vyuo vya Katavi vimetawanyika. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iliyopewa jina la Waziri Mkuu wa mwaka 2008 hadi 2015, iko Kibaoni, katika Halmashauri ya Mpimbwe, kusini ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya, kuna VETA, kuna vyuo vya kati vya mjini. Si kila mwanafunzi anapata hosteli. Wengine hupanga geto: chumba kimoja chenye godoro chini, chandarua kilichofungwa kwa kamba kwenye misumari minne, ndoo mbili za maji, jiko dogo la gesi, na waya wa umeme wenye soketi nyingi ambako simu za watu watatu zinachajiwa kwa pamoja. Meza ni nadra. Kitanda ndicho darasa, ndicho sebule, ndicho jiko. Mwili haupewi ishara yoyote kwamba sasa kazi imeisha na ni wakati wa kulala.

Kwa miaka mingi umeme wa Mpanda ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa. Waliosoma enzi za mgao wanakumbuka jinsi umeme ulivyopanga maisha: ukirudi saa 4:00 usiku, ndipo watu wanapiga pasi, wanachaji, wanafungua kompyuta. Mazoea ya kuanza kazi usiku wa manane yalijengwa na hali hiyo, na mazoea hayaondoki siku nguzo mpya zinaposimikwa.

Kisha kuna fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliongeza fedha ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23. Wanafunzi huiita bumu, na bumu ikichelewa, chuo kizima kinajua. Mikopo ya stashahada ilianza mwaka 2023/24, tena kwa kozi zilizochaguliwa. Wanaosoma cheti hawamo. Kwa hiyo jioni, vipindi vinapokwisha, wapo wanaokwenda kukaanga chipsi barabarani hadi saa 5:00 usiku, wapo wanaoshika pikipiki ya mjomba, wapo wanaokaa kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu. Kijana wa namna hiyo hufungua daftari saa 6:00 usiku. Ukimwambia ajifunze kupanga muda, umemtukana, maana muda wake ameupanga mpaka dakika ya mwisho. Kilichobaki cha kukata ni usingizi.

Simu nayo ina bei zake. Bando la usiku ni nafuu kuliko la mchana, na hufanya kazi wakati watu wenye uwezo wamelala. Mwanafunzi anayetaka kupakua kitabu, kuangalia somo la video au kutuma kazi ya kikundi hungoja usiku wa manane ndipo ajiunge. Mtandao umemlipa akeshe. Na kwa kuwa bando hufa alfajiri, ataendelea kuvuta vitu hata ambavyo hahitaji, ili fedha yake isipotee. Kama kuna jambo moja ambalo kampuni za simu zingeweza kulifanya kwa ajili ya elimu ya nchi hii bila kujenga hata darasa moja, ni kuwauzia wanafunzi bando la bei hiyohiyo kuanzia saa 10:00 jioni.

Wapo pia waliojitakia, na haifai kuwaficha. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, majira ya baridi ya huko, huanza saa 5:00 usiku kwa saa zetu na kumalizika karibu saa 7:00. Kibanda umiza, yaani banda la kuoneshea mpira, hujaa Jumanne na Jumatano, siku mbili mfululizo katikati ya wiki ya masomo. Baada ya mpira kuna ubishi, baada ya ubishi kuna kurudia mabao kwenye simu. Huyu hawezi kulilaumu jua.

Lakini mwizi mkubwa kuliko wote ni utamaduni wa kukesha wenyewe. Vyuoni kupiga msuli kumekuwa sifa. Anayelala saa 4:00 usiku wiki ya mitihani huonekana hana uchungu na masomo. Diskasheni huanza saa 3:00 usiku na kuvunjika saa 8:00. Nusu ya muda huo huishia kwenye hadithi, kumngoja mwenye desa, na kutafuta chai. Muhula mzima wa wiki nyingi hukunjwa na kusomwa kwa siku nne. Wahadhiri nao huchangia: majaribio ya masomo matatu hupangwa wiki moja kwa sababu kila mmoja amekumbuka mwishoni kwamba alama za mazoezi hazijatimia. Mwanafunzi anaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa hajalala usiku mbili, ameshikiliwa na kinywaji cha kuongeza nguvu. Kafeini ya kopo alilokunywa saa 4:00 usiku, nusu yake bado imo kwenye damu yake karibu saa 9:00. Hata akipata nafasi ya kulala, usingizi unakuwa wa juujuu. Matokeo yakitoka na supu mbili ndani yake, yaani mitihani miwili ya kurudia, anahitimisha kwamba hakukesha vya kutosha.

Sayansi inasema kinyume kabisa. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake huko Pennsylvania waliwapangia watu saa sita au pungufu za kulala kila usiku kwa wiki mbili. Mwishoni, umakini na kumbukumbu zao zilikuwa zimeshuka hadi kiwango cha mtu aliyekesha hata usiku mbili bila kupepesa. La kutisha zaidi, wao wenyewe hawakuona. Walisema wamechoka kidogo tu. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi anayeapa kwamba saa tano zinamtosha: kipimo anachotumia kujipima kimekwishaharibika.

Mwaka 2019, katika taasisi ya teknolojia ya MIT, wanafunzi 88 wa somo la kemia walivaa saa za kupima usingizi muhula mzima. Urefu, ubora na utulivu wa ratiba ya usingizi wao ulihusiana na karibu robo ya tofauti za alama zao. Jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba usingizi wa usiku mmoja kabla ya mtihani haukuhusiana na matokeo. Kilichohusika ni usingizi wa wiki na mwezi uliotangulia, siku ambazo somo lilikuwa likiingia. Kwa hiyo hata yule anayejisifu kwamba hulala mapema mkesha wa mtihani baada ya kukesha muhula mzima, amechelewa.

Kwa Kibaoni, ambako ufugaji nyuki ni sehemu ya mafunzo na asali ni fahari ya mkoa, kuna ushahidi wa karibu zaidi. Nyuki hulala. Usiku, ndani ya mzinga, nyuki watafutaji chakula hutulia, vipapasio vikashuka, miguu ikalegea. Mwaka 2010 Barrett Klein na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa nyuki angepaswa kusimuliwa. Waliwabandika baadhi ya nyuki kipande kidogo cha chuma mgongoni, wengine kipande kisichovutwa na sumaku, kisha usiku kucha wakapitisha sumaku juu ya mzinga mara kwa mara. Wenye chuma walitikiswa na kukosa usingizi, wenzao walilala. Asubuhi wote walikwenda kutafuta chakula na kurudi kucheza ile ngoma ambayo nyuki huitumia kuwaelekeza wenzake upande wa chakula. Waliokosa usingizi walicheza, lakini ngoma yao iliyumba. Upande waliouonesha haukuwa sahihi kama wa waliolala. Mzinga mzima hutegemea maelekezo hayo.

Mhitimu wa kilimo atakayemwelekeza mkulima wa Mwamkulu kipimo cha dawa ya mahindi anahitaji usahihi huohuo. Vivyo hivyo mwanafunzi wa afya aliye kwenye mafunzo ya vitendo wodini. Barabarani hatari ya uchovu imekwishatambuliwa: kanuni za usafiri zinataka basi la safari inayozidi saa nane liwe na madereva wawili, na abiria wa Mpanda kwenda Dar es Salaam anashukuru kwa hilo. Watafiti wa Australia na New Zealand, Williamson na Feyer, walionesha mwaka 2000 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hufanya kazi vibaya kama aliyelewa kiasi cha kukatazwa kuendesha gari katika nchi nyingi. Kijana aliyeamka saa 11:30 alfajiri anafikia hapo kabla ya saa 5:00 usiku. Naye ndiyo kwanza anafungua daftari.

Wazee watauliza: mbona sisi tuliamka alfajiri, tukalima, tukatembea kwenda shule, na hatukufa? Swali ni la haki. Jibu lake linapatikana humuhumu Tanzania. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha vipimo vya usingizi vya jamii tatu zinazoishi bila umeme, mojawapo ikiwa Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi. Hawakulala saa nane. Wastani ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1, na mara nyingi waliamka kabla ya jua. Tofauti ni kwamba walilala kiasi cha saa tatu na kitu baada ya jua kuzama, na waliamka kwa mpangilio wa giza, mwanga na baridi ya alfajiri. Mzee wa Kakese aliyeamka na jogoo alikuwa amelala na kuku. Hakuwa na kipindi cha jioni, hakuwa na bando la usiku, na hakuna aliyempa mtihani wa hesabu kabla ya jua kutoka.

Hesabu ya Wahadzabe ukiihamishia Mpanda, ambako jua huzama kati ya karibu saa 12:45 jioni na saa 1:20 usiku kutegemea mwezi, usingizi wa asili ungekuja baada ya saa 4:00 usiku na kuisha karibu na saa 12:30 asubuhi. Hayo ndiyo majira ya mwili wa mtu wa Katavi.

Sasa dawa. Mfano bora wa kujifunzia uko mbali, lakini jua lake ni ndugu wa jua la Mpanda. Singapore ilisogeza saa yake mbele mwaka 1982 ili ilingane na Malaysia. Matokeo yake, jua huwafikia utosini karibu saa 7:05 mchana, dakika tisa tu baada ya Mpanda kwa hesabu ya wastani, na huchomoza karibu saa 1:00 asubuhi mwaka mzima. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walichapisha uchambuzi wa wanafunzi zaidi ya 23,000, wakitumia kumbukumbu za simu kujiunga na intaneti ya chuo ili kujua nani alikuwa darasani. Mahudhurio ya vipindi vya saa 2:00 asubuhi yalikuwa chini kwa takriban asilimia kumi kuliko ya vipindi vya baadaye. Wenye siku nyingi za vipindi vya asubuhi walipata alama za chini. Hao ni wanafunzi wenye hosteli nzuri, umeme usiokatika na usafiri wa uhakika. Kama wao wameshindwa na saa mbili, yule wa geto la Nsemulwa afanyeje na saa moja?

Jiji la Seattle, Marekani, liliondoka kwenye utafiti likaingia kwenye vitendo. Mwaka 2016 shule zake za sekondari zilisogeza muda wa kuanza kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi. Wapinzani walisema vijana watachelewa kulala zaidi tu. Haikuwa hivyo. Walipopimwa, wanafunzi walikuwa wameongeza usingizi kwa dakika 34 kila usiku.

Pingamizi za hapa kwetu zinajulikana. Madarasa ni machache, kwa hiyo vipindi vinaanza mapema ili vyote vienee. Mchana wa Oktoba Katavi una joto kali, na hakuna anayependa kufundisha saa 9:00 chini ya bati. Kampasi ina makao makuu Morogoro na ratiba lazima zifanane. La joto lina nguvu, na masomo ya shambani yana haki ya kuanza mapema; tena mwanga wa asubuhi husaidia kuivuta saa ya mwili mbele, kwa hiyo nusu saa ya bustani ni bora kuliko nusu saa ya ubao. La makao makuu ni dhaifu. Kibaoni na Morogoro hawashiriki darasa moja wala jua moja. Ratiba ya kampasi inaweza kuwa ya kampasi, bila kubadili saa ya taifa na bila kwenda bungeni.

Mwanafunzi naye ana lake la kufanya, na hakuna ratiba ya chuo itakayomfanyia. Kipindi kikisogezwa mbele kwa saa mbili kisha zikaliwa na kibanda umiza, tutakuwa tumepoteza wakati wa kila mtu. Anayesoma kurasa kumi kila siku tangu wiki ya pili hahitaji mkesha wa wiki ya kumi na tano. Simu iwe mbali na godoro. Saa ya kulala iwe moja, Jumamosi ikiwemo, kwa sababu ule utulivu wa ratiba ni miongoni mwa mambo yaliyohusiana na alama za wale wa MIT.

Ombi kwa wakuu wa vyuo vya Katavi, na kwa wenzao wa Kigoma na Rukwa ambako jua ni hilohilo, ni dogo. Chukueni muhula mmoja. Masomo ya nadharia na majaribio yasianze kabla ya saa 3:00 asubuhi. Majaribio ya masomo mawili yasiwekwe siku moja. Diskasheni za hosteli zifungwe saa 4:30 usiku. Daftari la mahudhurio mnalo, na alama za muhula uliopita mnazo. Mwisho wa muhula wekeni namba hizo pamoja, mziangalie, kisha mwaambie wazazi na wanafunzi mlichokiona.